Picha ya Javan Iliyokataa Kuvuka Barabara

Pale mtaa wa Tena, Nairobi, kwenye kona ya ile barabara ya vumbi inayotokea Umoja, palikuwa na benchi refu la mbao, na mbele ya benchi jiko la Fowsiya, na juu ya jiko birika la kahawa chungu ambalo halikupoa tangu asubuhi. Mwaka ulikuwa tisini na tisa, Alhamisi, saa saba mchana, jua kali hata kuku wameingia chini ya magari. Benchini walikaa watatu, ingawa kwa miaka sita walikuwa wanne. Kulikuwa na Wabwire, jina la kijiweni Signo, kwa kuwa alitumikia reli miaka thelathini katika kibanda cha ishara. Kulikuwa na Okinyi, karani wa kanjo, yaani baraza la jiji, aliyeitwa Gazeti kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila gazeti, wala kumwona akilinunua. Na kulikuwa na Mativo, fundi wa antena za tivii, naye wakamwita Dish. Wa nne, Javan, alikuwa mochari. Basi la kumpeleka nyumbani Vihiga lilikuwa liondoke saa kumi na moja jioni, watu walikuwa wakisubiri programu mia mbili za mazishi, na picha ya Javan ilikuwa imekataa kuvuka barabara.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Nasike, mama wa makamo mwenye sauti ya kwaya, alikuwa na vyumba viwili vya kazi vilivyotazamana, barabara katikati. Chumba cha ng'ambo kilikuwa na printa kubwa na kompyuta moja. Chumba cha huku, mgongoni mwa benchi, ndimo alimofundishia wasichana kutaipu, na ndimo ilimokaa kompyuta ya pili pamoja na skana. Zamani kompyuta hizo ziliunganishwa na waya uliopita juu ya barabara, mpaka siku moja lori la mbao likaunasa likaondoka nao hadi karibu na Donholm. Hapo Wabwire akampa ushauri. Alimwambia kuna kadi siku hizi, unaichomeka ndani ya kompyuta, inaota kijiantena kwa nyuma, basi inaongea na mwenzake hewani, hakuna waya. Nasike alimwamini. Mtu aliyeongoza treni miaka thelathini bila kuzigonganisha, utakosaje kumwamini? Akaenda mjini akanunua mbili katika duka moja la ghorofani, kwa bei ambayo hakupenda kuitaja. Wiki mbili zilifanya kazi mpaka watu wa Umoja wakawa wanakuja kutazama. Jumanne zikanyamaza.

— Taa ni ya rangi gani sasa? — Wabwire aliuliza bila kugeuka.

Mativo alikuwa ameingiza kichwa mlangoni mwa chumba cha huku.

— Ya machungwa.

— Asubuhi ulisema ya manjano.

— Asubuhi ilikuwa ya manjano, mzae. Saa hii ni ya machungwa. Kwani ni mimi naipaka rangi?

— Hiyo si ya machungwa, — Okinyi alisema nyuma ya gazeti. — Nimeiona mimi. Hiyo ni nyekundu imechoka.

— Ukiwapigia wa duka utawaambia nini? Nyekundu imechoka?

— Niliwapigia, — Wabwire alisema. — Nimepiga foleni kwa kibanda cha simu saa nzima. Msichana wa duka ananiuliza taa ni ya rangi gani. Nikamwambia wacha nirudi nikaangalie. Nimerudi, imebadilika.

— Akasema nini?

— Zima, washa.

— Ukazima?

— Nimezima na kuwasha mara kumi na moja. Halafu akaniuliza, mzee, una uhakika kompyuta imechomekwa kwa stima?

Mativo alicheka, kisha akaona uso wa Wabwire, akaacha.

— Na akasema kitu kingine, — Wabwire aliendelea. — Akasema tusiisogeze. Kuna kibandiko pale nyuma. Kikichanika, garantii imekufa.

Wote wakainamisha vichwa kwa heshima ya kibandiko.

— Mimi najua ni nini, — Okinyi alisema, akakunja gazeti, jambo alilolifanya mara mbili kwa mwaka. — Ni lile tangi. Plot ya kona, wamepandisha tangi jeusi la maji juu ya paa Jumatatu. Kadi ikanyamaza Jumanne. Mawimbi yanaingia ndani ya maji, yanazama.

— Tangi liko kushoto huko, Gazeti. Kadi inaangalia mbele. Njia ya ishara lazima iwe nyoofu. Mimi mwenyewe nimesimama mlango huu, nikaangalia mlango ule. Hakuna kitu katikati.

— Kuna watu wanapita.

— Watu wamekuwa wakipita wiki mbili!

— Hawakuwa wengi hivi, — Okinyi alisema. — Wengine wamekuja kwa matanga.

Mativo alirudi akakaa, akanyoosha kikombe kwa Fowsiya.

— Wacheni niwaambie. Kuna mse wa Komarock nilimfungia antena mwezi jana. Naye ako na kadi mbili kama hizi, moja chumba cha chini, ingine kwa keja ya juu. Zinashika tu akifungua dirisha ya jikoni. Akifunga, zinakufa. Basi mse akawa anaacha dirisha wazi mchana na usiku, wife akashikwa na homa, akamwambia, manze, chagua, ni mimi ama ni hii kadi.

— Akachagua nini?

— Aliuza moja.

— Sasa iliyobaki inaongea na nani?

— Hiyo sikumuuliza.

— Ofisi moja hapo mjini walinunua sita, — Okinyi alisema. — Karani mwenzangu aliniambia. Tano ziliongea vizuri. Ya sita ilikuwa inasikia tu, haijibu.

— Kama bwana yangu, — Fowsiya alisema, akimimina.

Wakacheka, na Wabwire akacheka nao, lakini macho yake yalikuwa yamerudi ng'ambo. Kwenye kidirisha cha chumba kile aliona kijiantena cha kadi, cheusi, kifupi kama kidole gumba, kimesimama wima. Ukikitazama hakina kosa lolote. Ishara ya reli ikiharibika huwa unaiona: mkono umeanguka, ama taa imezimika, ama waya umelegea. Unapanda ngazi na mafuta yako na spana. Hiki kitu hakikuwa na mahali pa kupandia.

— Dirisha za Nasike ziko wazi? — Okinyi aliuliza.

— Zote. Hata mlango.

— Basi si dirisha. Basi nyinyi hamsomi. Mwaka unaoingia ni elfu mbili. Kompyuta zote za dunia zitachanganyikiwa, imeandikwa kila siku hapa. — Akagonga gazeti. — Hiyo ya Nasike imeanza mapema tu. Imeshajua kinachokuja. Inaogopa.

— Inaogopa Januari, na tuko mwezi wa saba?

— Mtu mwerevu huanza kuogopa mapema.

— Kompyuta hazijaogopa, Gazeti, — Mativo alisema, akavuta benchi mbele kama mtu anayetaka kusema siri. — Picha inatoka. Mimi nawaambia inatoka. Nasike akibonyeza, ile kitu inatuma. Lakini wimbi halina anwani, si kama barua. Linapita hapo mlangoni kwa printa, halipati nafasi ya kuingia, linaendelea. Umoja, Komarock, mpaka Kangundo. Saa hii kuna mtu huko na kompyuta yake, ghafla anaona picha ya Javan kwa skrini. Hamjui. Anajiuliza, huyu mzee ni nani, na mbona ananiangalia?

Fowsiya aliacha kumimina.

— Programu zingine zinachapishwa huko Kangundo, — Mativo alisema, sauti imemshuka, kwa sababu na yeye alikuwa amejiogopesha.

— Ama ni Javan mwenyewe, — Okinyi alisema polepole. — Hataki kuvuka. Nyinyi mnajua alivyokuwa akikataa kitu.

— Gazeti, nyamaza! — Fowsiya alimkemea. — Mtu hata hajazikwa. Utakunywa kahawa yangu halafu utukane maiti?

— Sijatukana. Nimesema labda.

Wabwire aliweka kikombe chini. Hakuamini maneno ya Okinyi, lakini yalimchoma mahali ambapo Okinyi hakujua. Mara ya mwisho alipozungumza na Javan ilikuwa hapahapa, na mazungumzo yenyewe yalikuwa juu ya kadi hizi. Zilikuwa na siku tatu, zikifanya kazi kama saa. Javan, ambaye alisukuma magunia katika kiwanda cha sabuni na hakuwahi kugusa kompyuta, alikaa mwisho wa benchi akasema, "Signo, kitu hakina waya ni porojo. Umemuuzia Nasike porojo." Benchi zima likacheka. Wabwire, ambaye kwa kawaida alicheka hata akichekwa, siku hiyo alipandwa na hasira, akamwambia Javan kwamba mbeba magunia hawezi kujua habari za mitambo. Javan akamaliza kahawa, akaaga wengine, akaenda. Jumapili wakasikia yuko hospitali, kifua. Wabwire alijiambia atakwenda kumwona Jumatano. Halafu akajiambia, lakini yeye ndiye aliyeanza, wacha kwanza aniite. Jumatano jioni, ile ya wiki iliyopita, habari ikaja.

Na kadi ziliponyamaza Jumanne hii, alishika habari hiyo kama mtu aliyeajiriwa upya. Aliamka nayo, akalala nayo. Mkewe alipomuuliza kama ataenda mazishi alimwambia, ngoja kwanza nimalize hii kazi ya Nasike.

Saa tisa kasoro Nasike alivuka kutoka chumba cha ng'ambo, kanga imemtoka begani, karatasi mkononi.

— Signo, nifanye nini? Maandishi yote nimeyavusha kwa disketi, yamefika. Picha haitoshei kwa disketi. Nikaifinya, nikaifinya, mpaka ikatosha. Ona.

Wakainama juu ya karatasi wote watatu. Palikuwa na vidoa vyeusi na vyeupe vya mraba, na ukikaza macho, kitu kama sikio.

— Huyu ni Javan? — Mativo aliuliza.

— Ni mtu ameumwa na nyuki, — Okinyi alisema.

— Siwezi kuwapa watu hii! — Nasike alisema, na sauti yake ya kwaya ikakatika. — Dada yake ametoka Vihiga jana, amefika leo asubuhi. Anakuja kuchukua programu saa hii. Nimemwambia nini? Nimemwambia njoo saa tisa zitakuwa tayari. Signo, wewe uliniambia itaongea. Iambie iongee.

Wabwire aliingia ndani, akazima, akahesabu hadi thelathini, akawasha. Taa ikawa ya kijani kwa muda wa kukohoa, kisha ikarudi ya machungwa. Akazungusha kijiantena kushoto. Akakizungusha kulia. Alimtuma Mativo ng'ambo akakizungushe kile kingine, wakawa wanaonyeshana kwa mikono kutoka mlango hadi mlango, Wabwire akiinua mkono na kuushusha kama zamani alipokuwa akiipitisha treni ya mizigo. Wapita njia walisimama. Mmoja aliuliza kama kuna ajali.

— Bado! — Wabwire alipiga kelele.

— Na hivi?

— Bado!

Alipotoka nje jasho likimtiririka alikuta mama mmoja amesimama kando ya benchi. Alikuwa mzee, mwembamba, amejifunga kitambaa cheusi kichwani, na mkobani amebeba koti la kiume lililokunjwa vizuri. Alikuwa na macho ya Javan. Wabwire hakuhitaji kuambiwa.

— Mulembe, — yule mama alisalimu.

— Mulembe, mama. Pole sana na msiba.

— Tumeshapoa. Mimi ni Ayuma, wa kwanza kwetu. Javan alinifuata. Nimekuja kuchukua karatasi.

Nasike alifunika uso kwa kiganja. Basi ikabidi waeleze, na wakaeleza wote pamoja. Okinyi akaanza na tangi, akaunganisha na mwaka elfu mbili. Mativo akaleta dirisha la Komarock. Wabwire akajaribu kueleza mawimbi, kwamba ni kama sauti ila haisikiki, na kwamba kuna kadi huku na kadi kule, na moja inaita na nyingine haiitikii. Ayuma alisikiliza bila kupepesa. Walipomaliza akauliza:

— Picha iko wapi?

— Ndani ya kompyuta hii hapa, mama. Nyuma yetu.

— Na hiyo mashine ya kupiga karatasi?

— Ile pale. Mlango wa bluu.

Ayuma alitazama mlango wa bluu. Akatazama barabara, ambayo ilikuwa hatua ishirini, ishirini na tano ukizunguka mtaro. Akatazama tena nyuma, akaiona kompyuta juu ya meza.

— Kwani ni nzito? — akauliza.

Okinyi alifungua mdomo. Mativo alimtazama Wabwire. Wabwire alimtazama Nasike, na Nasike akatazama chini. Siku tatu nzima hakuna mmoja wao aliyekuwa ameinyanyua.

— Kuna kibandiko, — Okinyi alisema hatimaye.

— Kibandiko ni nini?

Mativo alikuwa ameshaanza kuchomoa nyaya.

Basi waliibeba. Mativo alichukua sanduku lenyewe, Nasike akabeba nyaya na kibodi shingoni kama mtu aliyetoka shambani na kamba. Okinyi alitangulia barabarani akiinua gazeti kuzuia magari, ingawa lililokuja lilikuwa mkokoteni wa maji tu. Wabwire alikumbatia skrini kifuani. Ilikuwa na uzito wa mtoto wa miaka mitano na ilikuwa na joto. Alivuka taratibu, akiogopa mtaro, na katikati ya barabara alihisi kwamba macho ya mtaa mzima yako juu yake. Akakaza tu mikono.

Waliiweka kando ya mwenzake, bega kwa bega juu ya meza moja. Kibandiko kilichanika mlangoni, wakapita. Mativo akachomeka, Nasike akawasha. Na kabla mtu hajagusa chochote, taa ya kadi ya kwanza ikawa ya kijani, na ya pili ikafuata, zikatulia hivyo.

— Zinaongea! — Nasike alipiga kelele.

— Zinaongea nini sasa? — Mativo alisema. — Si ziko pamoja?

— Ndiyo maana, — Okinyi alisema. — Zilikuwa zimekosana.

Wabwire alizitazama zile taa mbili kwa muda mrefu. Hakujua afurahi au aone aibu. Zikiwa kando kando zinaelewana, ukiziweka barabara katikati zinanyamaza, na wiki mbili nzima zilielewana ng'ambo kwa ng'ambo. Hapakuwa na kichwa wala mkia. Alitaka kumweleza mtu, na mtu aliyetaka kumweleza alikuwa mmoja tu, tena angemcheka mpaka machozi.

Nasike alibonyeza. Picha ikaenda hewani, umbali wa kiganja kimoja, ikaingia kwenye kompyuta ya pili, na printa ikaanza kulia. Karatasi ya kwanza ilitoka polepole: kwanza nywele, halafu paji la uso, halafu macho, mpaka Javan akatokea mzima, amevaa tai asiyoipenda, ameuma mdomo kuzuia kicheko.

Ayuma aliishika kwa mikono miwili.

— Ni yeye, — akasema.

Ilipofika saa kumi na moja kasoro programu zilikuwa zimekunjwa, zimewekwa kwenye katoni ya sabuni, na Mativo na Okinyi wamerudi benchini. Wabwire alimbebea Ayuma ile katoni mpaka kwenye kona, kwa sababu basi lingepitia hapo. Fowsiya alimpa mama kikombe, naye akanywa amesimama, akiwaangalia mmoja mmoja.

— Wewe ndiye Signo, — alimwambia Wabwire.

— Ndimi, mama.

— Na huyu mwenye gazeti, na huyu wa antena. Nawajua. Kila Krismasi tukikaa jikoni Javan alikuwa akituhadithia nyinyi mpaka uji unaungua. Alisema Signo anajua kila kitu, na siku akikosea ndiyo tamu zaidi kumsikiliza. — Akarudisha kikombe. — Nimesomewa orodha ya basi leo asubuhi. Majirani wamo, wa kanisani wamo, hata wa kiwandani wawili. Kwani nyinyi hamji?

Basi lilikuwa limeshatokea kule mwisho wa barabara, taratibu, na kitambaa chekundu kimefungwa mbele. Okinyi aliinua gazeti usawa wa uso. Mativo akaanza kusema habari za kazi ya mtu fulani, akaacha katikati.

Fowsiya aliinamisha birika juu ya kikombe cha Wabwire. Yakatoka matone matatu na mashapo.

— Imeisha, — alisema, akakichukua kikombe mkononi mwake.

Wabwire alisimama. Alijikagua: shati la mikono mifupi lenye vumbi la kompyuta kifuani, viatu vya wazi, hana mkoba, hana sweta, na Vihiga usiku kuna baridi. Alimwita Nasike, akamwambia ampelekee mkewe habari. Nasike aliuliza habari gani, naye akasema, mwambie nimeenda kumwona Javan.

Aliipandisha katoni, akapanda nyuma ya Ayuma. Ndani ya basi watu walikuwa wamebanana na hapakuwa na nafasi, ila kwenye kiti cha Ayuma na kimoja cha dirishani kando yake. Ayuma alitoa mkobani lile koti la Javan, akalikunjua, akamtazama mikono yake mitupu.

— Livae, — alisema. — Halafu ukae.